Mercedes 600: Gari la Wakuu wa Nchi na Njia ya Masisi

Gari la Mercedes-Benz 600 lilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Frankfurt, Septemba 1963, na la mwisho lilitoka kiwandani Juni 1981. Katika miaka hiyo yote yaliundwa magari 2,677 tu. Mengi zaidi, 2,190, yalikuwa ya urefu wa kawaida, na kawaida hiyo ilikuwa mita 5.54. Mengine 428 yaliitwa Pullman na kufikia mita 6.24, viti vya nyuma vikitazamana kama sebuleni. Yaliyobaki 59 yalikuwa ya landauleti: paa gumu mbele juu ya dereva, na nyuma paa la turubai linalokunjwa, ili mkubwa asimame na kupungia watu mkono. Aina hii ya tatu haikuwa na kazi nyingine. Mfanyabiashara hahitaji paa la kusimamia, lakini rais, mfalme na papa wanalihitaji.

Kampuni ya Daimler-Benz ilikuwa imewahi kujenga gari la namna hiyo. Mwaka 1930 ilitoa Mercedes 770, ambalo Wajerumani waliliita »Mercedes Kubwa«. Toleo la kwanza lilifikia magari 117 na la pili 88, kisha vita vikasimamisha kazi mwaka 1943. Mfalme Hirohito wa Japani alikuwa nayo kadhaa. Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyekuwa uhamishoni Uholanzi bila ufalme, alikuwa nalo moja. Baadaye 770 likachafuliwa na picha za Hitler akiwa amesimama ndani yake. Wahandisi waliopewa kazi ya kuunda 600 mnamo miaka ya 1950, wakiongozwa na Fritz Nallinger, walitakiwa kurudisha ukubwa ule bila kivuli kile. Walifaulu kwa sehemu. Ukubwa ulirudi, na wateja waliokuja baadaye walileta vivuli vyao wenyewe.

Thamani ya 600 ilikuwa zaidi katika vitu visivyoonekana. Injini yake ilikuwa ya silinda 8, ujazo wa lita 6.3, nguvu za farasi 250, na iliweza kusukuma gari la takriban tani mbili na nusu hadi kilomita 205 kwa saa. Halikukaa juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya hewa iliyojaa kwa pampu, na dereva aliweza kulinyanyua au kulikaza kwa kidude kidogo kilicho karibu na usukani. Vioo, viti, mlango wa buti, na katika magari mengi hata kufunga milango, vyote viliendeshwa kwa mafuta ya haidroliki yanayopita katika mabomba membamba kwa mgandamizo wa takriban bar 150. Mota za umeme zingefanya kelele. Mafuta hayana sauti. Kioo cha dirisha kilipanda kimya, kwa nguvu ya kutosha kuvunja kidole cha mtu asiye mwangalifu. Mfumo huu ulikuwa fahari ya gari na pia ugonjwa wake. Ulipoanza kuvuja, hakuna fundi wa barabarani aliyeweza kuuziba.

Bei ya kwanza ilikuwa alama za Kijerumani 56,500 kwa lile fupi na 63,500 kwa Pullman, zaidi ya mara kumi ya bei ya Volkswagen ya wakati huo. Mnunuzi alichagua ngozi, mbao, mapazia, simu, meza ndogo na sehemu ya kuwekea vinywaji, na gari likaundwa kwa kufuata matakwa yake. Orodha ya wanunuzi ni ya ajabu kwa jinsi inavyochanganya watu ambao wasingekaa meza moja: Papa Paulo wa Sita, aliyepewa landauleti na kampuni mwaka 1965, Josip Broz Tito wa Yugoslavia, Nicolae Ceaușescu wa Romania, Mao Zedong, Elvis Presley, John Lennon, tajiri wa meli Aristotle Onassis. Afrika ilijaza sehemu kubwa ya orodha hiyo kuliko uchumi wake ulivyoweza kueleza. Jomo Kenyatta wa Kenya alikuwa nalo, Idi Amin wa Uganda pia, Jean-Bédel Bokassa wa Afrika ya Kati, na Mobutu Sese Seko, mtawala wa Kongo, nchi ambayo milima ya Masisi na misitu ya Walikale ni sehemu yake.

Kongo haikujifunza kwa Mobutu kwamba mkubwa hutambulika kwa gari. Somo hilo lilikuja na Wabelgiji, na Wabelgiji walikuwa na gari lao la kifahari kabla Daimler-Benz ya Stuttgart haijatawala soko. Liliitwa Minerva, la mji wa Antwerpen, bandari ileile iliyopokea mpira na pembe za ndovu za Kongo. Mwanzilishi wake, Sylvain de Jong, alianza na baiskeli, akaenda kwenye pikipiki, kisha magari. Kabla ya kukutana na Henry Royce, Charles Rolls alikuwa akiuza Minerva huko Uingereza. Kuanzia 1908 kampuni ilitumia injini ya Knight, isiyo na valvu za kawaida, iliyosifiwa kwa utulivu wake na kulaumiwa kwa kunywa oili. Mwaka 1914, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji, magari hayo ya matajiri yalifungwa mabati ya chuma na bunduki za rashasha na kupelekwa vitani. Baada ya vita Minerva zilipanda tena hadi gereji za nyumba za kifalme za Ulaya, ikiwemo ile ya Brussels. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1930 uliivunja kampuni, na mwaka 1934 ikafilisika.

Wakati huo Kivu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa inagawanywa. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi CNKi, na kupewa mamlaka juu ya eneo kubwa la ardhi ili kuwavuta walowezi wa Kizungu. Milima ya Masisi, yenye baridi na mvua nyingi, iliwafaa kwa kahawa, chai, pareto na kwinini. Mashamba yalihitaji wafanyakazi, na kuanzia 1937 serikali ya kikoloni iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Gishari na maeneo jirani. Mashamba yalihitaji pia barabara. Zilichimbwa kwa jembe na sururu, kwa kazi ya lazima, zikizunguka vilima kutoka Sake kwenda Masisi, na kutoka huko kuteremka msituni hadi Walikale. Kwenye njia hizo mlowezi hakuendesha Minerva. Aliendesha gari la Kimarekani lenye tumbo la juu, au lori dogo, na mvua zilipoanza alikaa nyumbani.

Picha ya mkubwa ndani ya gari la wazi ilifika Kongo kwa ukamilifu mwaka 1955, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipozunguka koloni lake katika ziara iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka 24, amevaa sare nyeupe, na watu walijipanga kandokando ya barabara. Miaka mitano baadaye alirudi kukabidhi uhuru. Mfalme akiwa amesimama tena ndani ya gari la wazi katika mitaa ya Léopoldville, mtu aitwaye Ambroise Boimbo alimkaribia kutoka pembeni, akauchomoa upanga wa mfalme na kukimbia nao, na mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck akalinasa tukio hilo. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya siku zile. Ulinzi wote ulikuwa umejengwa juu ya gari, na gari ndilo lililomweka mfalme pale alipoweza kufikiwa kwa mkono.

Mwishoni mwa mwaka uleule gari likatumika kwa namna nyingine kabisa. Usiku wa 27 Novemba 1960 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akiwa amezuiliwa nyumbani kwake, alitoroka akiwa amejificha ndani ya Chevrolet. Alikuwa anaelekea Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Msafara wake ulichelewa kwa sababu mbili: barabara mbaya, na watu waliokuwa wakiuzuia kila kijiji wakitaka kumsikia. Alikamatwa Lodi, kwenye mto Sankuru, tarehe 1 Desemba.

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, wakati 600 lilikuwa bado jipya sokoni. Gari na mtawala walifaana. Wote wawili walipenda ukubwa unaotembea polepole mbele ya umati, na wote wawili waliendeshwa na mfumo ambao nje hauonekani. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na sera ya uhalisi ikapiga marufuku majina ya Kizungu, suti na tai. Vazi la abakosti likashika nafasi ya suti. Benzi haikuguswa. Ni vigumu kutoona kwamba katika orodha ndefu ya vitu vya kigeni vilivyopaswa kutupwa, gari la kigeni kuliko yote liliachwa likitembea mbele ya msafara. Mobutu alielewa pia kwamba gari linaloweza kutolewa zawadi lina nguvu kuliko gari linaloendeshwa. Timu ya taifa ya kandanda, Leopards, ilipofuzu kwenda Kombe la Dunia la 1974 na kulitwaa Kombe la Afrika mwaka huohuo, wachezaji waliahidiwa nyumba na gari kila mmoja. Zawadi ya aina hiyo haimwachii mpokeaji njia ya kusahau ametoka wapi.

Majirani hawakulipokea jambo hili kwa namna moja. Nchini Kenya, Benzi ilihusishwa mapema na tabaka jipya la watawala, na neno »wabenzi« likaenea Afrika Mashariki yote kama jina la kabila lisilo na kijiji. Tanganyika ilirithi Rolls-Royce iliyokuwa ya serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Julius Nyerere aliitumia, kisha gari likaishia Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, ambako limekuwa likionyeshwa pamoja na magari mengine ya zama zile. Mwaka 1966, baada ya mgogoro na wanafunzi wa chuo kikuu, Nyerere alikata mishahara ya viongozi kuanzia wake mwenyewe, na Azimio la Arusha la Februari 1967 likafuata. Rolls ile haikununuliwa na dola huru. Hii ndiyo tofauti yake na 600 za majirani, na haipaswi kupuuzwa na mtu anayetaka kusoma historia ya nchi katika gereji zake.

Uganda ilikwenda upande mwingine. Idi Amin, aliyepindua serikali Januari 1971, alikuwa na 600, lakini alipenda kushika usukani mwenyewe na mara nyingi alionekana katika Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati. Mwaka 1975, mwaka ambao mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanyika Kampala, aliacha magari yote na kubebwa juu ya kiti na wafanyabiashara wa Kizungu, dhihaka ya wazi kwa picha za ukoloni. Bokassa naye, alipojitawaza mfalme mkuu mjini Bangui tarehe 4 Desemba 1977, alipanda gari la kukokotwa na farasi. Kwa siku yake kubwa kuliko zote, hata 600 lilionekana dogo. Huko Ethiopia mambo yaligeuka kinyume. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Haile Selassie katika kasri lake na kumpandisha kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo. Alikuwa na magari mengi ya kifalme, na uchaguzi wa lile dogo ulifanywa makusudi.

Katika Zaire, historia ya umiliki wa magari ya kifahari haiwezi kutenganishwa na tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitapitishwa mikononi mwa Wazaire. Waliopewa waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, na wengi wao walikuwa wanasiasa, maofisa wa chama na jamaa zao. Kivu ilikuwa na mashamba mengi ya Wazungu, kwa hiyo ilipata acquéreurs wengi. Mashamba ya Masisi yalihama kutoka kwa Wabelgiji hadi kwa watu wenye uhusiano na Kinshasa, na kwa miaka iliyofuata sehemu kubwa yake ikageuzwa malisho ya ng'ombe. Kahawa na chai hudai uangalizi wa kila siku, na tajiri anayeishi mbali hawezi kuutoa. Ng'ombe huweza kulindwa na wachungaji wachache. Mapato ya maduka yaliyotaifishwa mara nyingi yaliliwa badala ya kurudishwa dukani: bidhaa ziliuzwa, rafu zikabaki tupu, na gari jipya likaonekana mlangoni. Mwaka 1974 bei ya shaba iliporomoka, na serikali ikaanza kurudi nyuma. Kufikia 1976 ilikuwa imekubali kuwarudishia wageni sehemu ya mali zao, lakini mashamba mengi ya Masisi hayakurudi kwa wenyewe wa awali. Yalibaki kwa waliokuwa karibu na ikulu, na wakulima waliokuwa wakilima pembezoni wakazidi kubanwa. Vita vilivyoanza Masisi na Walikale mwaka 1993 vina mizizi mingi, na ugawaji huu wa ardhi ni mmojawapo.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa Benzi ya Masisi. Sababu yake ni ya barabara zaidi kuliko ya desturi. Kutoka Goma hadi Sake ni takriban kilomita 27 kando ya ziwa, sehemu iliyo rahisi. Baada ya Sake njia hupanda kwa mizunguko, udongo mwekundu hugeuka utelezi saa chache baada ya mvua, na mvua haina msimu mmoja. Huko Goma kwenyewe ardhi ni mawe ya volkeno yenye kingo kali. Januari 2002 Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji kwa lava, na mitaa mipya ikajengwa juu yake. Gari la tani mbili na nusu linalokaa juu ya mifuko ya hewa, lenye mabomba ya mafuta chini ya sakafu, halina maisha marefu katika nchi hiyo. Mwenye shamba aliyetaka kuonekana Kinshasa alinunua Benzi na kuiacha Kinshasa. Aliyetaka kufika Kibabi, huko Masisi, alihitaji kitu kingine.

Kitu hicho kilitoka, kwa njia ya ajabu, katika kampuni ileile ya Minerva. Baada ya vita vya pili vya dunia kampuni hiyo iliyokuwa ya wafalme haikuwa na soko la magari makubwa tena. Mwaka 1952 ilianza kuunda Land Rover kwa leseni ya Waingereza, hasa kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na maelfu yakatoka kabla ya kampuni kufa kabisa katika miaka ya 1950. Jina la mungu wa kike wa Kirumi, ambalo lilikuwa limepamba boneti za mabilionea, likaishia kwenye gari la mabati la askari. Land Rover, na baadaye Toyota Land Cruiser, ndizo zilizofika milimani: gari la misheni, la daktari, la mkusanyaji ushuru, la kamanda. Hata leo katika Kivu gari lolote la juu lenye kuvuta kwa magurudumu manne huitwa jeep, na jeep ndiyo alama ya mkubwa. Benzi ya chini inaweza kuwa ya mfanyabiashara wa mjini tu.

Msitu wa Walikale ulitatua tatizo la njia kwa namna yake. Kassiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilibebwa mgongoni na watu kwa mwendo mrefu msituni hadi barabarani, na huko Kilambo kipande cha lami kilichobaki kizuri kikawa uwanja wa ndege. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo za mizigo zilitua barabarani, zikapakia magunia na kuruka kwenda Goma, na magari yakasubiri pembeni. Barabara iliyojengwa ili magari yapite ikawa na thamani zaidi kwa kuyazuia.

Utawala wa Mobutu ulianza kufa mbele ya macho ya Kivu. Uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993, ulioanzishwa na askari wasiolipwa, ulimaliza maduka na gereji za Kinshasa. Mwezi Julai 1994 serikali ya Rwanda iliyoshindwa ilivuka mpaka na kuingia Goma pamoja na mamia ya maelfu ya wakimbizi, na pamoja nao magari ya dola, mabasi na malori. Magari hayo yaliuzwa, yakabadilishwa rangi, yakapewa namba mpya au yakatembea bila namba. Tarehe 1 Novemba 1996 waasi wa AFDL wakaiteka Goma, ambako Mobutu alikuwa na nyumba kando ya ziwa. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, kesho yake waasi wakaingia mji mkuu, na mwezi Septemba akafa Rabat. Kila mara mji ulipobadilisha mikono, magari ndiyo yaliyobadilisha mikono kwanza, kwa sababu ni mali pekee ya mkubwa ambayo mshindi anaweza kuondoka nayo jioni hiyohiyo. Gari lililotwaliwa hivyo halina mkataba wa mauzo. Mmiliki wake ni yule mwenye ufunguo na mafuta.

Magari yanapokufa Kivu hayapotei. Vyuma, bearingi na tairi huendelea na kazi. Chukudu, skuta ya mbao iliyoenea Kivu Kaskazini, huchongwa kwa mkaratusi na mbao nyingine ngumu, na magurudumu yake ya mti huvishwa vipande vya tairi kuukuu. Bearingi hupatikana kwenye magari yaliyochakaa. Chukudu hubeba viazi, makaa, maharage na mbao kutoka milimani hadi mjini, mzigo wa mamia ya kilo kwa safari moja, na ina heshima ya kutosha kusimamishiwa sanamu kwenye mzunguko wa barabara Goma. Fundi wa chukudu haulizi tairi limetoka kwenye gari la nani.

Jambo jingine limebadilika tangu 600 lilipoondoka sokoni. Katika gari lile hakukuwa na kompyuta. Kila kitu kilifanywa na mafuta, hewa na chuma. Gari la kifahari la sasa limejaa vifaa vya elektroniki, na ndani ya vifaa hivyo kuna kapasita za tantali, metali inayotokana na koltani. Migodi ya Rubaya, katika Masisi, imekadiriwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Kwa hiyo vilima ambavyo gari la kifahari halikuweza kuvipanda sasa vimo ndani ya gari lenyewe, kwa uzito wa gramu chache. Mchimbaji analipwa kwa kilo, na kilo hiyo ikivuka mpaka bei yake inakuwa nyingine.

Magari ya 600 yaliyosalia yako mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Ghuba, na katika makumbusho, yakiwemo yale ya Stuttgart yenye landauleti ya Papa. Kukarabati moja kwa ukamilifu kunaweza kuzidi bei yake ya kununulia, ndiyo maana mengi yalivunjwa kwa vipuri katika miaka ambayo hakuna aliyeyataka. Sasa bei imepanda, na kinachoipandisha zaidi ni historia ya umiliki. Gari lililokuwa la mwimbaji au rais huuzwa kwa bei ya juu kuliko pacha wake aliyekuwa wa mwenye kiwanda cha sabuni. Kwa sababu hiyo madai ya uongo ni mengi, na kila 600 nyeusi iliyochakaa ina muuzaji wa kunong'ona kwamba ilikuwa ya dikteta fulani.

Ushahidi hutafutwa kwenye namba ya chasisi na kwenye kumbukumbu za kiwanda. Kiwanda kiliandikia kila gari kadi yenye rangi, ngozi, vifaa vya ziada na mahali lilipopelekwa, na kampuni bado inazihifadhi kadi hizo. Namba huanza na 100, yaani jina la ndani la muundo huo, ikifuatiwa na aina: 012 ni gari fupi, 014 ni Pullman ya milango minne, 015 ni landauleti, 016 ni Pullman ya milango sita. Baada ya hapo huja tarakimu mbili zinazoeleza usukani na gia: 12 ni usukani wa kushoto, 22 ni wa kulia. Gari lililoagizwa kwa ajili ya Kinshasa, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, linatarajiwa kuwa na 12. Lililoagizwa kwa ajili ya Nairobi au Kampala, 22. Anayeletewa gari la »Mobutu« lenye usukani wa kulia ana haki ya kuuliza maswali, ingawa mtu wa Goma, aliyezoea Toyota za Japani zinazopitia Mombasa na Dar es Salaam na kuendeshwa upande usio wake, hatashtuka hata kidogo.